Kamba ya bidoni haikamati kambale? Angalia ndobo mbele ya kulaumu chambo

Kila mutu akirudi na ndoo tupu anasema chambo njo kibaya. Kesho yake anaenda kununua matumbo ya kuku ku soko ya Kenya huku Lubumbashi, kesho kutwa anajaribu sabuni, kisha anaanza kuuliza bandugu kama hakuna dawa fulani ya kupaka ku ndobo (ndoana). Mi naona chambo kinasingiziwa sana. Kamba ya kuelea ikikosa kambale, mara mingi shida iko ku urefu wa ile ndobo mu maji, ao ku pahali uliifunga, ao ndobo yenyewe iko butu, na ushahidi wote uko pale asubui wakati unavuta kamba, ila watu wanatosha vyote haraka haraka wanatupa mu ndoo moja, zinafungamana, na haujui tena ipi ilikuwa wapi. Vuta moja moja. Angalia nini kimebaki ku ndobo, ncha iko namna gani, nailoni imekatikia wapi, kisha ndio utafute sababu hapa chini.

Kamba ninayoongelea ni ile ya bidoni: bidoni (dumu) ya lita 5 inaelea juu, kamba inashuka mpaka ku jiwe, na ndobo zinaning'inia bila kugusa chini. Wengine wanafunga bidoni mbili mbali mbali na kamba mama katikati, ndobo zinashuka ku tukamba tudogo. Ukiwa Kapolowe ku ziwa Tshangalele, ao Kasenga ku muto Luapula, ao ku kabwawa ka mutu kando ya barabara ya Kipushi, kazi ni ile ile, tofauti ni maji.

Na kitu moja lazima ukijue juu ya huyu samaki, juu karibu kila shida hapa chini inarudilia pale pale: kambale anapumua hewa. Nyuma ya matamvua yake kuko kiungo chenye matawi matawi kinachomsaidia kutumia hewa ya juu, ndio maana anaishi mu maji ya matope ambayo samaki wengine wanakufa. Kwa hiyo usiku anapanda, anameza hewa, anashuka, anapanda tena. Macho yake ni madogo, anatafuta chakula kwa ndevu zake nane na kwa harufu. Kamba ya kuelea inafanya kazi juu inamungojea mu ile njia ya kupanda na kushuka, na pia juu chambo hakilali mu matope pahali kaa wanakimaliza.

Asubui chambo kiko vile vile, hakuna aliyekigusa

Hii njo inayokasirisha kuliko zote, na hapa watu wanakimbilia kubadilisha chambo. Ngoja kwanza. Kama hata tusamaki tudogo hatujadonoa, maana yake hakuna kitu kilipita pale, ao kilipita juu yake ao chini yake. Chambo hakijakataliwa, hakijaonwa tu.

Anza na urefu. Watu wengi wanafunga ndobo zote kwa urefu moja, ile walifundishwa na yaya (ndugu mukubwa) yao, na kama usiku ule kambale wanatembea kwa urefu mwingine, basi umelala bure. Fanya hivi: ndobo ya kwanza sentimita 40 chini ya bidoni, ya pili 80, ya tatu mita moja na nusu, zote na chambo kile kile, kutoka ku nyama moja. Asubui angalia ipi imeguswa. Usiku ule mwingine rudisha pale pale mbele ya kuhukumu, juu usiku moja hausemi kitu, upepo unaweza kuwa uligeuka. Ukishaona ni urefu gani unaliwa, shusha ao pandisha zingine zote zifuate. Ku Tshangalele maji si marefu sana, ni muto Lufira uliozuiliwa na barazhi ya Mwadingusha, kwa hiyo usidanganyike kufunga ndobo mita tatu chini, utakuwa unaloba matope.

Kama urefu zote tatu hazikuguswa, hapo pahali pabaya. Kambale hapendi katikati ya maji mapana, anapenda mupaka: pale matete yanaishia, pale kamuto kanaingia mu ziwa, pale maji ya mvua yanaingia mu majani. Kama kulikuwa na upepo mangaribi, weka upande ambao upepo unasukumia, si upande uliotulia, juu upepo unasukuma kule wadudu na uchafu wote na samaki wanafuata chakula chao. Najua upande uliotulia ni mwepesi kwa bwato na mutu analala vizuri, lakini haujaenda kule kulala.

Sababu ya tatu ni baridi. Sisi huku Katanga tuko juu, Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200, na mu juni na julai usiku unaweza kushuka chini ya 10°C. Maji mafupi ya kandokando njo yanapoa kwanza. Kambale mu maji ya baridi anakula kidogo sana, tumbo lake linafanya kazi polepole, na anaondoka pembeni anaenda kwenye maji marefu kidogo. Basi mu ile miezi sogeza kamba mbali na ukingo, shusha ndobo, tumia chambo kidogo kidogo, na usitegemee miujiza. Kuko watu wanaotupa kamba ile ile, pahali pale pale, mwaka muzima, kisha julai wanasema ziwa limeisha samaki.

Sababu ya ine inachekesha lakini ni ya kweli: mikono. Umejaza esansi mu motere ya bwato, umejipaka dawa ya mbu, umevuta sigara, kisha kwa mikono ile ile unashika maini na kuyatia ku ndobo. Samaki anayeishi kwa harufu na ladha, we unamupakia petroli. Osha na mchanga na maji ya ziwa, sugua mpaka ku kucha. Ao acha mutoto afunge chambo na we ushike motere.

Halafu kuko chambo kilichokufa ladha. Kipande cha samaki ao cha maini kikikaa mu maji masaa mingi, damu na majimaji yake yote yanatoka, kinabaki nyama nyeupe. Ukikivuta asubui kinaonekana kizima kabisa, lakini tangu usiku wa manane kilikuwa hakinuki kitu. Kinuse: kama hakikunukii we ukiwa umekishika mu mkono, na kambale vile vile hakimfikii. Kama unaweza kuamka saa sita ya usiku upitie kamba ubadilishe, fanya. Kama hauwezi, kata vipande vikubwa na ukate ngozi mistari miwili mitatu, harufu itoke polepole. Ao tumia chambo kinachodumu, nitakuja ku sabuni.

Ndobo iko safi, chambo hakuna

Hapa kuko sababu tatu tofauti, usizichanganye, juu kila moja na dawa yake.

Shika ndobo karibu na macho. Kama kumebaki kangozi kamoja ao uzi wa nyama umesokotwa ku ncha, pembeni pamechanika chanika, basi ni tusamaki tudogo, watoto wa tilapia na wenzao, walidonoa mpaka wakamaliza. Mara mingi walifanya ile mbele ya giza, juu wao ni wa muchana. Uliweka kamba saa kumi jua likiwa bado kali, ilipofika saa moja ya usiku kambale anapoanza kutembea, ndobo ilikuwa tupu zamani. Weka chambo wakati jua linazama, si mbele. Na badilisha nyororo kwa ngumu.

Kama ndobo iko tupu kabisa, haina hata uzi, na ka kamba kamejisokota, hapo mukubwa alikuja, akameza, akavuta, hakushikwa. Hii ni shida ya ndobo ao ya bidoni, chambo kilifanya kazi yake vizuri sana. Jaribu ncha ku ukucha wa kidole gumba: iburute polepole, kama inateleza bila kukwaruza, iko butu, itie tupa. Angalia tena kama chambo hakikujaza ile nafasi kati ya ncha na muguu wa ndobo. Watu wanapenda kusindilia matumbo mpaka ndobo haionekani, wanafikiri samaki anaogopa chuma, na samaki wala hajali, lakini ncha ikizikwa mu nyama haina pa kuingilia. Nusu ya ile nafasi ibaki wazi na ncha itoke nje.

Na bidoni nayo. Hakuna mutu pale usiku wa kuvuta ndobo, ni bidoni njo inavuta. Chupa ya nusu lita ikizamishwa yote inarudisha nguvu ya nusu kilo tu. Kambale wa kilo tatu anaizamisha anatembea nayo anatema chambo wakati anapenda. Bidoni ya lita 5 iliyofungwa vizuri inamubishia kwa nguvu ya karibu kilo 5 kama anataka kuizamisha yote, na ndobo inaingia yenyewe. Kwa hiyo ule uchumi wa kutumia tuchupa twa maji unalipwa na samaki. Ukiweza kupata ndobo za duara, zile ncha inaangalia ndani, kwa kamba ya kulaza usiku ni nzuri kuliko za J, juu samaki akiondoka nayo inajigeuza inashika ku pembe ya kinywa, na haimezi mpaka tumboni.

Sababu ya tatu: chambo kimeisha na kamba iko na matope. Ulidhani inaelea kumbe imelala chini, kaa wamekula. Ni urefu tena. Pima maji na jiwe na kamba mbele ya kufunga, usipime kwa macho.

Sasa chambo chenyewe

Kwa kamba inayolala usiku muzima, mi naangalia kwanza kama chambo kitakaa, kisha kama kinanuka. Watu wanafanya kinyume. Maini ya ngombe yananuka vizuri kabisa lakini yanaanguka, unayatia ku ndobo jioni na usiku yanayeyuka yenyewe bila samaki yeyote. Yakate, tia chumvi, anika ku jua saa moja ao mbili mpaka juu pakauke kama ngozi, kisha funga na uzi wa kushonea. Moyo wa ngombe ni ngumu, unakaa bila ile kazi yote, ila bei yake, bon, ni chakula cha nyumbani ile.

Matumbo ya kuku njo chambo cha watu wa Lubumbashi, na kwa haki. Yanapatikana pale wanachinjia kuku, yanakatwa na mukasi, yanakaa ku ndobo sababu ni ya mupira mupira, na harufu iko. Usiyaache yaoze mpaka yawe uji. Kuko imani kwamba kambale anapenda kilichooza, kilichooza zaidi njo kizuri zaidi. Kambale anakula mizoga, ni kweli, lakini mzoga uliooza haukai ku ndobo, na damu mbichi inasafiri mu maji vizuri. Yaliyolala usiku moja yanatosha.

Kasamaki kadogo kazima, ao kipande cha samaki wa pale pale, ndio ningeanza nacho kama siko na habari ya maji. Ku Luapula na ku ziwa Moero utapata chisense karibu, lakini ni kembamba, tia tatu tatu ku ndobo moja, pitisha ncha ku macho. Mgongo wa tilapia mudogo na ngozi yake unakaa zaidi. Chura anakaa sana, na kambale mukubwa anamupenda.

Minyoo ya udongo ni nzuri sana kwa fimbo, ukiwa umeshika mu mkono. Kwa kamba ya usiku ni zawadi kwa tusamaki. Kumbikumbi vile vile, mvua ya kwanza ikinyesha na wanaruka, kila samaki anawala juu ya maji na utatamani kuwatumia, tumia, lakini shusha ndobo sentimita 20 ao 30 tu chini ya bidoni juu wakati ule kambale wote wako juu. Bukari (ugali) ngumu iliyochanganywa na unga ya ndagala ni ya kabwawa ka kufuga, pale samaki wamezoea chakula cha kutupiwa. Ku ziwa inayeyuka.

Na sabuni. Anayeisikia mara ya kwanza anacheka, lakini wavuvi wa Luapula na wa maziwa ya mashariki wanaitumia kweli ku kamba za kambale. Ni ile ya kipande ya kufulia, iliyotengenezwa na mafuta ya mawese ao mafuta ya nyama, si ya unga na si ya kuogea yenye marashi. Kata vipande vya sentimita 2, anika siku moja mbili iwe ngumu, toboa na ndobo polepole isipasuke. Inayeyuka kidogo kidogo usiku kucha ikitoa mafuta, na tusamaki haturudii mara ya pili. Haipiti nyama mbichi kama maji yako na kambale wengi wenye njaa, lakini pale tusamaki tunakumalizia chambo, ao pale hauwezi kurudia kamba usiku, sabuni inakuokoa. Ukitia ndobo moja sabuni na moja matumbo, moja sabuni na moja matumbo, utapata jibu la ziwa lako bila kuuliza mutu.

Samaki alishika, kisha akaenda

Utajua sababu ukiangalia mwisho wa nailoni. Hii angalia vizuri, juu watu wote wanasema "alikuwa mukubwa sana", na kumbe fundo.

Kama ule mwisho umejikunja kunja kama mukia wa nguruwe, fundo lilifunguka, nailoni haikukatika. Nailoni ni utelezi: zungusha mara tano ao sita, lowesha na mate mbele ya kukaza, acha kipande kidogo nje. Kama umekatika safi, sawa na kisu, ni meno. Ku Luapula na Moero ni manda, ule mwenye meno marefu, alipita kwa chambo cha samaki. Tia kipande cha waya juu kidogo ya ndobo ao badilisha chambo kiwe sabuni ao matumbo. Kama mwisho ni mweupe, umechakaa chakaa sentimita kadhaa, ni kambale mwenyewe. Hana meno ya kukata, lakini mu kinywa muko meno madogo madogo mengi yenye kukwaruza, na anajizungusha, anazunguka usiku muzima mpaka nailoni nyembamba inaisha. Tumia nailoni nene zaidi ku sentimita 30 za mwisho, ao uzi wa kusukwa, na weka kale kachuma kenye kuzunguka kati ya kamba mama na ka kamba ka ndobo. Kenyewe ni kadogo lakini kanaondoa nusu ya hizi hasara.

Ndobo ikirudi imenyooka, ni chuma laini. Jaribu mbele ya kununua: shika na pensi, vuta kidogo, nzuri inarudi, mbaya inabaki wazi. Hesabu za ndobo zinachanganya watu: bila ile 0, namba ikipanda ndobo inakuwa ndogo, lakini 1/0, 2/0, 3/0 zinapanda na ukubwa. Kwa kambale wa kilo moja mpaka tano, kati ya 1/0 na 5/0 inatosha.

Na kuko ile ya matete. Bidoni imeingia ndani, kamba imezungushwa ku mizizi, samaki hayuko. Alipata pa kushikilia, akavuta mpaka nyama ya kinywa ikachanika. Weka mita kadhaa mbali na matete, si ndani yake. Atatoka kuja kuchukua, usiogope.

Bidoni haiko pale uliiacha

Kuko wezi, ndiyo, na kuko viboko na mamba ambao sina shauri kwao isipokuwa usiende usiku peke yako. Lakini mbele ya kumwangalia jirani vibaya, fanya hesabu hii. Jiwe la kilo 5 likiwa mu maji linabaki na uzito wa karibu kilo 3 tu, juu maji yanalibeba. Bidoni ya lita 5 inaweza kuinua karibu kilo 5. Sasa ulifunga kamba fupi, imekaza, usiku mvua inanyesha kule juu ya Lufira, maji yanapanda sentimita 50, bidoni inazama kidogo, inavuta, na inalinyanyua jiwe lako inaondoka nalo. Hakuna mwizi pale. Funga kamba ya jiwe iwe karibu mara mbili ya urefu wa maji, na jiwe liwe la kilo 10 kama bidoni ni ya lita 5, ao mufuko wa mchanga uliojaa.

Kamba ndefu hivyo inaleta shida yake, inalegea na inazunguka ku ndobo. Usifungie ndobo ku kamba ya jiwe. Funga jiwe ku mushikio wa bidoni na ndobo ku shingo yake, upande mwingine, ama fanya ile ya bidoni mbili, kila moja na jiwe lake, na ndobo zote ku kamba mama katikati. Ile ya mbili njo ninaipenda zaidi mu maji yenye mukondo.

Andika ao paka rangi ku bidoni yako. Nyeupe inaonekana na torshi kutoka mbali, ya njano ya mafuta inafanana na ya kila mutu.

Ndobo zimefungamana zote

Fupi: nafasi kati ya ndobo mbili ipite mara mbili ya urefu wa tukamba twake. Ka kamba ka sentimita 50, acha mita 1 na nusu. Weka ekru (nati) ndogo ya kizamani juu kidogo ya ndobo ili ishuke sawa sawa, na tupa kamba ukisukumwa na upepo, si ukipambana nao. Ikifungamana hata na vile, samaki wa kwanza alishikwa mapema na akacheza na wenzake wote, na ile hauwezi kuizuia isipokuwa kupitia kamba usiku.

Kambale amekufa ku ndobo

Hii inawashangaza watu, "kambale hafe vile". Anakufa, kama unamuzuia kupanda. Umetia ekru kubwa ao umemufunga chini sana, maji ni ya joto, hayatembei, hewa kidogo, na yeye hawezi kufika juu kumeza hewa. Anazama kabisa kama mutu. Ka kamba kakiwa karefu kutosha na uzito mudogo, atapanda mpaka juu, atapumua, atakungoja muzima mpaka asubui. Na tofauti unaiona ku soko, juu ba mama wanaonunua wanamugusa kwanza, akitingisha mukia bei inabadilika.

Ukimutosha muzima, angalia ile miiba miwili ya mabega, inasimama na inachoma mpaka kidonda kinavimba. Shika nyuma ya kichwa, na mufunike na gunia lililolowa, atafika Likasi akiwa bado anapumua.

Ilikuwa inakamata, sasa hapana

Kama kamba ile ile, chambo kile kile, pahali pale pale, na ghafla haikamati tena, angalia maji mbele ya kuangalia kamba. Mvua za kwanza zikiingia, novemba na desemba, kambale wanaondoka ziwani wanaingia mu majani yaliyofunikwa na maji kwenda kuzaa, na wakati ule hawafikirii chakula sana. Utawaona mu maji ya magoti na kamba yako iko tupu mu maji marefu. Wazee wanajua na wanawangoja pale na mitego, lakini kuwamaliza wakiwa na mayai ni kula mbegu, na zaidi ya ile, ku Luapula upande wa Zambia uvuvi unafungwa tangu 1 desemba mpaka mwisho wa februari. Upande wetu uliza watu wa serivisi ya uvuvi wa pale pale mbele ya kutupa kitu, usisubiri bwato ichukuliwe.

Maji yakishuka ghafla nayo inafanya vile, na ku Tshangalele maji yanategemea mvua na pia ile sentrali ya Mwadingusha inayofanya umeme tangu 1930. Yakishuka, ndobo yako ya mita moja na nusu sasa inalala mu matope na haujui. Pima upya.

Na kama maji yamebadilika rangi ao harufu chini ya mufereji unaotoka ku viwanda, hapo usitafute chambo. Kambale anaweza kuvumilia maji ambayo we hauwezi, na ndio hatari yenyewe, juu anakuwa muzima anaonekana muzuri. Watafiti wa hapa Lubumbashi walishapima samaki wa Lufira ya juu wakakuta shaba na kobalti ndani yao. Hamisha kamba juu ya mufereji, ao ziwa lingine.

Kama ni msimu wa kufungwa na unaweka kamba pembeni, osha na maji safi, anika kivulini, chomeka kila ndobo ku kipande cha ponji ao cha ndara nzee kwa mufuatano ule ule ziko ku kamba, na zipake mafuta kidogo ya mawese zisishike kutu. Usitumie mafuta ya motere, harufu yake itakungoja mpaka machi.